Tuzo ya Ibrahim si kiinua mgongo cha marais

Tarehe 22 Oktoba 2007, jijini London, Kofi Annan alitangaza kwamba mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Ibrahim ya Uongozi wa Afrika ni Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji. Chissano hakuwepo. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 68, na alikuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, uliokuwa umemtuma kusaidia kutafuta amani katika maeneo yaliyoumizwa na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army wa Uganda. Miaka miwili baadaye kamati ya tuzo ilikaa tena, ikatafakari, kisha ikatangaza kwamba safari hii hakuna mshindi. Mwaka 2010 ikasema vivyo hivyo. Tangu wakati huo kila tangazo la tuzo hii huamsha maswali yaleyale: fedha anazopewa mshindi ni za nani, kwa nini apewe mtu ambaye tayari alikuwa rais, na ni tuzo gani ya kila mwaka ambayo miaka mingi haipati mtu wa kuipokea?

Maswali hayo yana majibu, ila majibu yake yamefungamana, na ukivuta uzi mmoja bila mwingine unapata picha isiyo sahihi. Ninaamini kosa kubwa linatokana na kuiona tuzo hii kama kiinua mgongo, yaani malipo anayostahili kila anayemaliza utumishi wake bila kufukuzwa. Ukiitazama kwa jicho hilo, mwaka usio na mshindi utakuwa ni mwaka wa mtu kunyimwa haki yake. Tuzo yenyewe haikujengwa hivyo.

Tuanze na fedha. Mohammed Ibrahim, anayejulikana zaidi kwa jina la Mo, alizaliwa Sudan mwaka 1946, akasomea uhandisi huko Alexandria nchini Misri, kisha akaenda Uingereza na kupata shahada ya uzamivu katika mawasiliano ya simu za mkononi, wakati fani hiyo ikiwa bado changa. Mwaka 1998 alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Celtel. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya simu za mkononi watalikumbuka jina hilo; baadaye mtandao huo uliitwa Zain, na leo ni Airtel. Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola za Marekani bilioni 3.4, na mwaka uliofuata Ibrahim akaanzisha Wakfu wa Mo Ibrahim. Kwa hiyo fedha za tuzo hazitoki katika hazina ya serikali yoyote, wala si mchango wa Umoja wa Afrika, wala si msaada wa wafadhili uliotengwa kwa ajili ya shule na hospitali ukageuzwa njiani. Ni mali ya mfanyabiashara aliyeuza kampuni yake na kuamua sehemu ya mali hiyo ifanye kazi fulani.

Neno wakfu lenyewe linatusaidia hapa, kwa kuwa katika jamii zetu za pwani tunalifahamu tangu zamani: mali ikishawekwa wakfu huendeshwa kwa masharti iliyowekewa. Ibrahim ndiye mwenyekiti wa wakfu, lakini uchaguzi wa mshindi uko mikononi mwa kamati huru. Annan aliiongoza kwanza. Baadaye ikaongozwa na Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania kati ya 1984 na 1985, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Ikafuata zamu ya Festus Mogae, aliyekuwa Rais wa Botswana na ambaye mwenyewe alishinda tuzo hiyo mwaka 2008. Miongoni mwa waliowahi kukaa katika kamati hiyo ni Mary Robinson, rais wa zamani wa Ireland; Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland; Mohamed ElBaradei, aliyeongoza Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki; na Graça Machel, aliyekuwa waziri wa elimu wa Msumbiji. Kutenganisha anayetoa fedha na anayetoa hukumu ni jambo la msingi katika tuzo zote zenye heshima. Pasipo utengano huo, tuzo ingekuwa zawadi ya tajiri kwa rafiki zake, na hasa tajiri ambaye biashara yake ilihitaji leseni za serikali nyingi za bara hilihili.

Masharti ni machache na yanaeleweka. Anayefikiriwa lazima awe alikuwa mkuu wa nchi au wa serikali mwenye mamlaka ya utendaji katika nchi ya Afrika. Awe ameondoka madarakani katika miaka mitatu iliyopita. Awe alichaguliwa kidemokrasia. Awe ametumikia muda wake kama katiba ilivyoelekeza. Na awe ameonyesha uongozi wa kipekee. Manne ya kwanza yanaweza kuhakikiwa na mtu yeyote mwenye kalenda, katiba ya nchi husika na matokeo ya uchaguzi. La tano halihakikiwi kwa njia hiyo, na ndipo kazi ya kamati ilipo. Kiongozi anaweza kutimiza yale manne kikamilifu, akaondoka Ikulu kwa amani, akakabidhi madaraka kwa mpinzani wake, na bado kamati ikaona kwamba alifanya kazi yake vizuri bila kuifanya kwa namna ya kipekee. Hapo hapati kitu, na hakuna kosa analotuhumiwa kulitenda.

Ukiweka sharti la miaka mitatu sambamba na idadi ya nchi za Afrika, ambazo ni 54, utaona jinsi mlango ulivyo mwembamba. Wafalme wanatoka. Marais wa heshima wasio na mamlaka ya utendaji wanatoka. Waliofia madarakani, waliopinduliwa, waliobadili katiba ili wabaki, na wale ambao bado wamekalia viti vyao bila dalili ya kuondoka, wote hawamo. Wanaobaki katika kipindi chochote cha miaka mitatu ni wachache kiasi kwamba mtu anayefuatilia siasa za bara anaweza kuwaorodhesha bila kufungua kitabu.

Hesabu ya miaka yenyewe inaonyesha matokeo. Kuanzia tuzo ya 2007 hadi ya 2020, yaani miaka 14, washindi walikuwa sita: Chissano mwaka 2007, Mogae 2008, Pedro Pires wa Cape Verde 2011, Hifikepunye Pohamba wa Namibia 2014, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia 2017, na Mahamadou Issoufou wa Niger 2020. Miaka minane haikuwa na mshindi. Kuanzia 2008 washindi wamepishana kwa miaka mitatu kamili, na wapo wanaodhani kuwa hiyo ndiyo kanuni. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Kila mwaka kamati hutafakari upya, na kila mwaka ina uhuru wa kusema ndiyo au hapana. Nelson Mandela alipewa heshima ya mshindi wa kwanza wa heshima mwaka 2007, kwa sababu aliondoka madarakani mwaka 1999 na kwa hiyo alikuwa nje ya dirisha la miaka mitatu. Askofu Mkuu Desmond Tutu naye alipewa tuzo maalumu ya dola milioni moja mwaka 2012 kwa ujasiri wake wa kuwaambia ukweli wenye mamlaka. Hiyo ni tuzo tofauti, na ndiyo maana jina lake halimo katika orodha ya wakuu wa nchi.

Sasa tuje kwenye kiasi cha fedha, ambacho ndicho huwashtua watu. Mshindi hupewa dola milioni 5, lakini hazitolewi kwa mkupuo. Hugawanywa katika miaka 10, yaani dola 500,000 kwa mwaka, na baada ya hapo hupata dola 200,000 kila mwaka kwa maisha yake yote. Jumla yake inaizidi kwa mbali fedha ya Tuzo ya Nobel, na ndiyo maana hutajwa kuwa tuzo kubwa kuliko zote duniani miongoni mwa zile zinazotolewa kila mwaka kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa nini kiasi hicho, na kwa nini kigawanywe hivyo? Hoja ya Ibrahim tangu mwanzo imekuwa kwamba kiongozi wa nchi tajiri anapoondoka madarakani ana maisha yanayomsubiri: vitabu vya kumbukumbu vinavyonunuliwa kwa fedha nyingi, mihadhara ya kulipwa, viti katika bodi za kampuni. Wenzake wengi wa Afrika hawana hayo, na hofu ya maisha baada ya Ikulu ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wang'ang'anie. Malipo ya kila mwaka yanampa mstaafu uhuru wa kubaki katika utumishi wa umma bila kumtegemea mrithi wake wala kumwomba mtu. Kwa maneno mengine, tuzo inatazama mbele kama inavyotazama nyuma: inataka mtu aliyeongoza vizuri aendelee kusuluhisha, kushauri na kufundisha, kama alivyokuwa akifanya Chissano siku jina lake lilipotangazwa.

Wakosoaji wana hoja zao, na ni hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba mwizi hashawishiki kwa milioni 5, kwa kuwa anayekusudia kufuja hazina ya nchi anaweza kupata mara mia ya kiasi hicho. Ni kweli kabisa, na kama kazi ya tuzo ingekuwa kumnunua mwizi aache wizi, ingekuwa imeshindwa siku ilipozaliwa. Lakini mwizi hakuwahi kuwa mlengwa. Kwa jinsi masharti yalivyo, tuzo inamlenga kiongozi ambaye tayari ana dhamira, na wakati huohuo inawapa wananchi mfano wa kumtaja kwa jina pale wanapoambiwa kwamba Afrika haina viongozi wa kuigwa. Tukumbuke pia kwamba hakuna anayeweza kuitegemea: rais anayefanya hesabu ya kung'atuka ili apate fedha hizi anajua kwamba huenda asizipate kamwe, kwa hiyo haziwezi kuwa hongo kwa maana ya kawaida ya neno hilo.

Hoja ya pili inanigusa zaidi. Inauliza: kwa nini mtu alipwe kwa kutimiza kiapo? Kuheshimu katiba ni wajibu, na mwalimu anayeingia darasani kila siku kwa miaka 30 hapewi milioni 5. Sina jibu linaloimaliza hoja hii. Ninachoweza kusema ni kwamba kamati yenyewe inaelekea kukubaliana nayo kwa matendo, kwa kuwa imekataa mara nyingi kumtuza mtu kwa sababu tu aliondoka kama sheria inavyotaka. Kama kuondoka kwa wakati kungetosha, miaka minane isingepita bila mshindi.

Tazama Chissano alivyopimwa. Alishika madaraka mwaka 1986 baada ya Samora Machel kufa katika ajali ya ndege, akiwa amechaguliwa na chama kimoja kilichotawala, katikati ya vita vikali na waasi wa Renamo. Chini yake katiba mpya ya 1990 ilifungua mlango wa vyama vingi, na mkataba wa amani ukatiwa saini Roma mwaka 1992. Alishinda uchaguzi wa 1994 na wa 1999, kisha akatangaza kwamba hatagombea tena, ingawa katiba ilimruhusu kugombea mara nyingine. Aliondoka mapema mwaka 2005. Mtu anayetazama mwanzo peke yake angesema huyu hakuchaguliwa kidemokrasia. Anayetazama njia nzima anaona mtu aliyepokea nchi iliyogawanyika kwa bunduki akaiacha inayopiga kura. Pires naye alikuwa waziri mkuu wa chama kimoja tangu uhuru wa Cape Verde mwaka 1975. Mwaka 1991 chama chake kiliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi aliachia madaraka, akarudi kama rais aliyechaguliwa mwaka 2001, na akaondoka 2011 baada ya mihula miwili. Katika urais wake nchi hiyo ikawa ya pili barani Afrika, baada ya Botswana, kutoka katika kundi la Umoja wa Mataifa la nchi zenye maendeleo duni zaidi.

Mogae alisifiwa hasa kwa kusimamia mali ya almasi kwa uangalifu, na kwa kukabili janga la UKIMWI waziwazi wakati viongozi wengine walikuwa wakinyamaza. Botswana ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuanzisha mpango wa kitaifa wa kutoa bure dawa za kufubaza virusi.

Uamuzi uliozua mjadala mkubwa zaidi ulimhusu Sirleaf. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais katika Afrika, alikwishapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011, na alikabidhi madaraka kwa George Weah mwezi Januari 2018 baada ya mihula miwili. Hata hivyo, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Liberia ilikuwa imependekeza mwaka 2009 azuiwe kushika wadhifa wa umma kwa miaka 30 kwa sababu ya msaada aliompa Charles Taylor, kiongozi wa waasi, katika siku za mwanzo za vita, na ndani ya nchi yake alilaumiwa kwa kuwapa wanawe nyadhifa na kwa kutoudhibiti ufisadi. Kamati haikudai kwamba alikuwa hana dosari. Ilimpima kwa ugumu wa kazi aliyoikuta, yaani nchi iliyotoka katika miaka mingi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Unaweza kuukataa uamuzi huo kwa hoja zenye nguvu, na mimi ninawaelewa Waliberia wanaoukataa. Ila kwanza tujue kinachopimwa. Kinachopimwa ni umbali ambao kiongozi ameisogeza nchi kutoka pale alipoikuta.

Hapa ndipo mkanganyiko mwingine huingia. Wakfu huohuo huchapisha Fahirisi ya Ibrahim ya Utawala wa Afrika, iliyoanza mwaka 2007, inayopima nchi kwa vigezo vya usalama na utawala wa sheria, haki na ushiriki wa wananchi, fursa za kiuchumi na maendeleo ya watu. Magazeti mara nyingi huandika habari za fahirisi na za tuzo kana kwamba ni kitu kimoja. Fahirisi inahusu nchi, nayo hutokana na takwimu. Tuzo inahusu mtu, nayo hutokana na hukumu ya watu wanaokaa na kujadiliana. Nchi inaweza kuwa juu katika fahirisi na isitoe mshindi, na nchi iliyo chini ikatoa, kama Niger ilivyofanya.

Msomaji wa Tanzania au Kenya atakuwa ameshajiuliza swali lake. Benjamin Mkapa aliondoka mwaka 2005, Mwai Kibaki 2013 na Jakaya Kikwete 2015, kila mmoja baada ya mihula miwili, mbona hawamo? Kamati haikutoa maelezo kuhusu mtu mmoja mmoja ambaye hakuchaguliwa. Ukimya huo unawaudhi wengi, lakini nauona kuwa wa lazima. Kamati ikianza kueleza kwa nini fulani hakufaa, tuzo ya kusifu itageuka kuwa mahakama ya kuwashtaki wastaafu ambao hawakuomba kupimwa na hawana mahali pa kujitetea. Kwa sababu hiyo si haki kumwambia mtu kwamba “Mo Ibrahim alimkataa” kiongozi wetu. Tunachojua ni kwamba hakutangazwa, na zaidi ya hapo tunabuni.

Linganisha na Tuzo ya Nobel ya Amani, ambayo nayo imewahi kukosa mshindi mara 19 tangu 1901. Tofauti moja ni kwamba Nobel ya Amani inaweza kupewa shirika, wakati hii ni ya mtu peke yake. Tofauti kubwa zaidi ni ya wakati. Nobel humpa kiongozi aliye kazini, kama ilivyompa Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, mwaka 2019. Novemba 2020 vita vikazuka Tigray, na wengi wakajiuliza kama tuzo haikutangulia kazi. Tuzo ya Ibrahim husubiri mwisho wa safari, ingawa nayo haisubiri sana. Pohamba alitangazwa tarehe 2 Machi 2015 na akakabidhi madaraka tarehe 21 mwezi huohuo. Issoufou alitangazwa tarehe 8 Machi 2021, naye akaondoka tarehe 2 Aprili. Wote wawili walikuwa bado Ikulu jina lao liliposomwa, japo warithi wao walikuwa wamekwishachaguliwa. Ndiyo maana pia miaka huchanganya: tuzo ya 2014 ilitangazwa 2015, ya 2017 ikatangazwa 2018, na ya 2020 ikatangazwa 2021.

Mfano wa Niger unaonyesha mpaka wa kile ambacho tuzo ya namna hii inaweza kukisema. Issoufou aliongoza nchi maskini iliyozungukwa na mashambulizi ya makundi yenye silaha, akamaliza mihula miwili, akakataa wa tatu, na akamkabidhi Mohamed Bazoum. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960 kwa rais wa Niger aliyechaguliwa kumpisha mwingine aliyechaguliwa. Siku mbili kabla ya makabidhiano hayo kulikuwa na jaribio la mapinduzi lililozimwa. Tarehe 26 Julai 2023 jingine lilifaulu, na Bazoum akashikiliwa na walinzi wake mwenyewe. Kamati ilikuwa imemtuza mtu kwa alichokifanya hadi Machi 2021, na hicho hakikufutika. Lakini haikuwa imeitabiria Niger chochote, wala masharti yake hayakuwahi kuipa uwezo huo.